Nyaya nne kifuani mwa fundi: uchambuzi wa kisa cha kuondoa nyaya za pesimeka zilizokaa miaka 12

Kisa hiki kilitokea Nairobi. Maelezo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa, hospitali na madaktari yameondolewa au kubadilishwa. Kazi yake tumeiacha ilivyo, kwa ridhaa yake, kwa sababu bila hiyo nusu ya maneno yake hayangeeleweka. Mimi nilikuwa msaidizi wa pili mezani, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu pia.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 66, fundi wa nguo. Husema amestaafu, ila cherehani yake haijapata habari hiyo. Mwaka 2012 alianguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mara ya mwisho akiwa amesimama mbele ya mteja na utepe wa kupimia mkononi. Umeme wa moyo ulikuwa umekatika kabisa kati ya vyumba vya juu na vya chini. Akawekewa pesimeka, kifaa kinachoupigisha moyo kwa umeme, upande wa kushoto: kisanduku chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na nyaya mbili zilizopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Mmoja uliishia chumba cha juu cha kulia, wa pili chumba cha chini cha kulia, kila mmoja ukishikiliwa na parafujo ndogo kwenye ncha.

Mwaka 2021 betri ilikaribia kuisha, akabadilishiwa kisanduku, nyaya zikabaki zilezile. Kazi hii watu huiita kubadilisha betri, na jina hilo huwafanya waione rahisi kama ya fundi wa saa. Si rahisi hivyo. Unafungua mfuko ambao tayari ni kovu, damu haiupitii vizuri, na hatari ya maambukizi huwa kubwa kuliko siku ya kwanza ya kuweka.

Mapema 2023 ngozi juu ya kisanduku ikaanza kuwa nyembamba na kugeuka rangi ya zambarau. Baadaye kikatokea kitundu kama cha sindano, kikitoa majimaji yasiyo na harufu. Kliniki ya mtaani ikampa vidonge vya antibiotiki. Kitundu kikakauka, kikarudi. Hospitali moja ikakata kingo za kidonda, ikasogeza kisanduku chini ya msuli na kushona. Miezi saba baadaye kitundu kikarudi sentimita mbili kando ya mshono.

Aliponisimulia hayo, aliongeza kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi wake: "Daktari, mimi ni fundi. Kitambaa kilichooza hakishiki uzi. Ningeulizwa, ningesema."

Mambo yalivyofuatana

Novemba 2023, hospitali nyingine ilikitoa kisanduku. Hilo lilikuwa sahihi. Lakini mgonjwa huyu hawezi kukaa bila pesimeka, maana ukiizima, chumba cha chini cha moyo hakipigi. Basi akawekewa pesimeka mpya upande wa kulia, na nyaya mbili mpya. Nyaya za zamani zilikatwa karibu na mshipa, zikafungwa kwa uzi, zikasukumwa chini ya msuli. Alitoka na nyaya nne moyoni, mbili zikiwa zimepita kwenye mfuko wenye vimelea.

Kuanzia Aprili 2024 akaanza kutetemeka usiku. Alitibiwa malaria mara mbili. Akapimwa Widal, ikasemekana ni homa ya matumbo, akachomwa sindano siku saba. Kila dozi ilimpa nafuu ya wiki mbili tatu, kwa sababu antibiotiki ilikuwa inapunguza vimelea damuni bila kugusa makao yao. Septemba alifika kwetu akiwa amepungua kilo tisa, joto 38.9, na kovu la kushoto likiwa limevimba upya.

Tulichukua damu ya kuotesha vimelea, chupa tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya kumpa dawa yoyote. Siku iliyofuata maabara ikapiga simu: chupa zote tatu zimeota bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Eko ya kupitishia kooni, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha donge la vimelea la milimita 14 likining'inia kwenye waya wa zamani wa chumba cha juu, likipepea kila moyo ulipopiga. Vali, yaani milango ya moyo, zilikuwa salama.

Uamuzi wa kwanza: zitoke zote

Hapa hapakuwa na mjadala wa kitabibu. Maambukizi yakishafika kwenye kifaa, dawa peke yake haitoshi. Vimelea hujijengea utando juu ya plastiki na chuma, na antibiotiki haiupenyi ipasavyo. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 hauna kona: kisanduku na nyaya zote vitoke, hata kama maambukizi yako kwenye mfuko wa kisanduku tu.

Mjadala ulikuwa na familia. Mke wake aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi pia: "Daktari, hizo za zamani si zikae tu? Zimekaa miaka kumi na miwili bila kumsumbua."

Nilimchorea kwenye karatasi. Waya ukiingia mshipani, mwili huuzungushia kovu pole pole. Mwaka wa kwanza bado unaweza kuuvuta kwa mkono ukatoka. Baada ya hapo kovu hukaza mahali pale ambapo waya unagusa ukuta: chini ya mtulinga, kwenye mshipa mkuu wa juu unaorudisha damu moyoni, na kwenye ncha. Kwa miaka 12 waya huwa kama mzizi uliopita ndani ya ukuta wa nyumba. Ukiuvuta kwa nguvu, ukuta unakuja nao. Ukuta wa mshipa mkuu wa juu ni mwembamba, na ukipasuka, mgonjwa huhesabiwa dakika.

"Na mkiacha?" akauliza.

"Tukiacha, Mama, homa haitaisha. Siku moja itaondoka naye."

Tulimpa takwimu bila kuzipamba. Mapitio makubwa ya uondoaji wa nyaya kwa leza, LExICon, yaliyochapishwa 2010, yalihusu wagonjwa 1,449 na nyaya 2,405. Kazi ilifanikiwa kitabibu kwa asilimia 97.7, matatizo makubwa yakawa asilimia 1.4, na vifo vilivyotokana na kazi yenyewe asilimia 0.28. Tukaongeza kwamba hizo ni namba za vituo vinavyofanya kazi hii mara kwa mara, na kwamba mzee ana homa na nyaya zilizokatwa, kwa hiyo asijihesabu katikati ya kundi. Mzee mwenyewe alisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akauliza kama atakuwa amelala. Alipoambiwa atalala usingizi kamili, akasema sawa, tuendelee.

Uamuzi wa pili: kwa chombo gani, na lini

Hospitali ilikuwa na ala ya kuzunguka, yaani mrija wenye makali kwenye mdomo unaokata kovu kwa kuzungushwa kwa mkono. Leza hatukuwa nayo. Mtaalamu aliyekuwa akishirikiana nasi angefika na mashine hiyo baada ya siku tisa. Njia ya tatu ilikuwa kufungua kifua, na ya nne India, ambako familia ilikuwa imeshaanza kuulizia. India tuliiondoa mapema: mtu mwenye vimelea damuni na moyo usiopiga bila mashine si wa kukalishwa kwenye ndege saa kadhaa.

Kwa nini leza ilitushawishi? Ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 308, unaopita kwenye nyuzi za kioo zilizopangwa kuzunguka mdomo wa mrija. Mrija huvishwa juu ya waya kama mkono wa shati. Mwanga huvunja kovu kwa kina kisichozidi sehemu ya kumi ya milimita, basi. Hauchomi kama pasi, wala haufiki mbali. Jaribio la PLEXES, lililochapishwa 1999, liligawa wagonjwa 301 makundi mawili: kwa leza nyaya zilitoka kamili kwa asilimia 94, kwa vyombo vya wakati huo bila leza asilimia 64. Ala za kuzunguka za leo ni bora kuliko vyombo vile, kwa hiyo pengo hilo lisichukuliwe kama lilivyo. Lakini mtaalamu wetu mkono wake ulikuwa umezoea leza, na kwa maoni yangu mkono uliozoea chombo una uzito kuliko chombo.

Tukaweka sharti. Tungesubiri akiwa kwenye antibiotiki ya mshipani, flukloksasilini. Kama damu ingeendelea kuota vimelea baada ya saa 72, au presha ingeshuka, tungeingia na ala ya kuzunguka bila kungoja mtu. Damu ya siku ya nne haikuota kitu. Tukasubiri.

Maandalizi

Asubuhi ya kazi, vijana watano kutoka soko anakoshonea walikuwa tayari wametoa damu. Painti sita zilikuwa ndani ya thieta, si benki ya damu ghorofa ya chini. Mgonjwa alipakwa dawa kutoka kidevuni hadi magotini. Msumeno wa kifua ulikuwa mezani umefunuliwa. Daktari mpasuaji wa moyo alikuwa amevaa glavu, amesimama, na mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu alikuwa ameketi karibu nayo.

Kupitia paja la kushoto tuliweka waya wa muda wa kuupigisha moyo. Kupitia paja la kulia tuliacha waya mwongozo hadi juu ya mshipa mkuu, ili mshipa ukipasuka, puto laini lipandishwe na kujazwa papo hapo, lizibe mpasuko wakati mpasuaji anafungua kifua. Tulifanya mazoezi mara mbili, nani anasema nini, nani anakimbilia wapi. Sista mkuu wa thieta ndiye aliyesisitiza mara ya pili. Mara ya kwanza watu wawili walikimbilia kabati moja.

Kilichotokea mezani

Nyaya mbili za kulia, zenye miezi kumi, zilitoka kwa kuvutwa kwa mkono baada ya kufungua parafujo. Dakika chache.

Upande wa kushoto tulichimba chini ya msuli kutafuta mikia ya nyaya za zamani. Hapo ndipo tulipokutana na ule uamuzi wa Novemba 2023. Ili kuondoa waya unahitaji kupitisha ndani ya tundu lake waya mwembamba wa chuma unaojifunga hadi kwenye ncha, ili ukivuta, nguvu ifike nchani badala ya kuunyoosha waya na kuukata. Waya wa chumba cha juu ulikubali hadi mwisho. Wa chumba cha chini ulikuwa umepondwa pale ulipofungwa kwa uzi. Tulikata mkia ulioharibika, tukabaki na kipande kifupi cha kushika, na chuma cha ndani kikaishia robo tatu ya njia.

Tukavaa miwani ya kuzuia mwanga. Leza ikavishwa kwenye waya wa juu, uso uliokatwa mshazari ukigeuzwa mbali na ukuta wa nje wa mshipa, ikasukumwa polepole, milimita moja kwa sekunde, huku waya ukivutwa kuelekea nje. Mashine hutoa mlio mkali wa haraka kama cherehani ya umeme; nilimwambia mzee baadaye, akafurahi kupita kiasi. Baada ya vituo vitatu waya ukatoka na ncha yake. Donge la vimelea halikuwa tena kwenye picha ya eko. Vipande vidogo pengine vilienda mapafuni, jambo linalotarajiwa kwa donge la ukubwa huo.

Waya wa chini ulikwama mahali mishipa miwili inapokutana juu ya moyo. Leza iliwaka, mrija haukusogea. Kwenye eksirei palikuwa na kivuli cheupe kuzunguka waya: chokaa. Leza hukata kovu la nyama. Kwenye chokaa hugonga mwamba. Mtaalamu akaomba ala ya kuzunguka. Haikuwa ndani ya chumba. Ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu aliyekwenda kula. Tulisimama dakika 11, mrija ukiwa ndani ya mshipa wa mtu, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Ala ilipofika ilipita chokaa kwa mizunguko michache. Ikabaki ncha. Ukikaribia ukuta wa moyo, huwashi leza wala huzungushi makali. Unaweka mdomo wa mrija wa nje karibu na nyama, unaushikilia hapo, na kuuvuta waya ndani yake, ili mrija uzuie ukuta usifuate.

Mtaalamu akavuta. Presha ilikuwa 118.

"Tisini na sita," akasema daktari wa usingizi. "Sabini na nne." Kisha, bila kupandisha sauti: "Hamsini na nane."

Mpasuaji akanyoosha mkono kwa msumeno. Mtaalamu akasema, "Naachia," akaachia. Sote tukageukia picha ya eko, tukitafuta ule utepe mweusi wa damu kuzunguka moyo. Haukuwepo. Sitini na tatu. Themanini na moja. Mia na nne.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki: ukuta wa chumba cha chini ulivutwa ndani kama mfuko wa suruali uliogeuzwa, chumba kikakosa nafasi ya kujaa. Ukiachia, hurudi. Ukuta usiporudi, umeupasua. Tofauti kati ya hayo mawili huonekana ndani ya sekunde kumi na tano hivi, na ndizo sekunde ambazo mpasuaji hapaswi kuwa kwenye korido. Jaribio la pili mtaalamu alisogeza mrija wa nje nusu sentimita mbele zaidi, akavuta kwa utulivu, presha ikashuka hadi 85 tu, na waya ukatoka na kijinyama kidogo cheupe nchani.

Matokeo

Tuliweka waya wa muda wenye parafujo kupitia shingo, ukaunganishwa na kisanduku kilichobandikwa nje ya ngozi. Hivyo aliweza kuketi na kutembea, badala ya kulala chali na waya pajani. Mfuko wa kushoto ulisafishwa ukaachwa wazi, ukazibwa baada ya siku kumi. Mkono wa kushoto ulivimba wiki nzima, kisha ukapungua. Damu haikuota vimelea tena. Antibiotiki iliendelea wiki sita.

Swali la pesimeka mpya lilichukua kikao kizima. Kushoto palikuwa na kidonda, kulia palikuwa na mfuko wa kifaa kilichokaa kwenye damu yenye vimelea. Baada ya wiki mbili za damu safi, mpasuaji alishona nyaya juu ya ngozi ya nje ya moyo kupitia mkato mdogo, akaweka kisanduku tumboni. Hakuna kitu kilichorudi ndani ya mshipa.

Uchambuzi

Nianze na tulichokosea sisi. Ripoti ya CT ya kifua, iliyoandikwa siku sita kabla, ilitaja chokaa mahali palepale waya ulipokwama. Tuliisoma tukitafuta mshipa ulioziba, tukapata jibu la hilo, tukaridhika. Neno chokaa tuliliruka. Lau tungelisoma, ala ya kuzunguka ingekuwa mezani tangu asubuhi, na ufunguo usingekuwa na kazi. Tangu hapo orodha yetu ya maandalizi ina mstari mmoja wa ziada, na anayeusoma kwa sauti ni sista, si daktari.

Kusubiri siku tisa bado kunanisumbua. Kuchelewa kuondoa kifaa baada ya utambuzi kumehusishwa na vifo zaidi, na sharti letu la saa 72 lilitulinda kwa sehemu tu. Donge la milimita 14 lingeweza kukatika usiku wowote. Wenzangu wawili wanaona tulifanya sawa. Mimi naona tungekuwa na haki ya kusubiri siku nne, na siku tano zilizobaki zilikuwa za ratiba ya watu, si za mgonjwa.

Kilichotuokoa hakikuwa leza. Leza ilifanya vizuri kazi yake, lakini ilikata waya mmoja na nusu. Kilichofanya kazi siku ile ni mpasuaji aliyekuwa amevaa glavu tangu mwanzo, damu iliyokuwa chumbani, picha ya eko iliyokuwa wazi muda wote, na mtu aliyejua kuachia. Hilo zoezi la mara ya pili, ambalo baadhi yetu tuliliona ni kupoteza muda, ndilo lililofanya kimya cha zile sekunde kisigeuke makelele.

Lakini uzito wa kisa hiki uko nyuma zaidi, 2023. Kitundu kile cha kwanza, kidogo kama cha sindano, tayari kilikuwa maambukizi ya kifaa kizima. Kifaa kikishaona hewa, hakishonwi. Wakati ule hakukuwa na vimelea damuni wala donge, na nyaya zilikuwa mbili, mikia yake mizima, matundu yake wazi. Kila aliyemgusa baada ya hapo alifanya jambo linaloeleweka: kliniki haina eko, mshonaji aliona kidonda kidogo, aliyekata nyaya alikuwa na mgonjwa asiyeweza kukaa bila pesimeka na hakuwa na chombo cha kuziondoa. Simlaumu. Ila angeweza kuzifunika ncha bila kuziponda, kuziacha ndefu, na kumtuma kwa anayeweza wiki ileile.

Na ile miezi mitano ya malaria na Widal. Mgonjwa mwenye pesimeka au difibrileta (kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme) anayetetemeka kwa homa apimwe malaria, ndiyo, hii ni Kenya. Lakini damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na kifua kifunuliwe kiangaliwe. Katika faili lake lote la miezi ile mitano, kovu lake halikutajwa hata mara moja.

Alirudi baada ya miezi sita. Damu safi, kilo saba zimerudi. Lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba mkanda unamgonga kisanduku kila akiinama kuokota kitambaa. Nilikuwa naanza kumweleza namna ya kufunga mkanda juu zaidi, akainua shati kunionyesha. Suruali yake haikuwa na mkanda. Alikuwa ameishonea kiuno kipya, upande wa kisanduku ameuacha wazi na kuutia mpira laini, na mshono wake, nikiutazama kwa karibu, ulikuwa mzuri kuliko wetu.